Boma na Mjini: Mtaa wa Kale wa Machakos na Viswahili Vyake Viwili

Utangulizi

Miaka michache iliyopita, katika somo la historia ya Kiswahili, nilikuwa nikiwaeleza wanafunzi jinsi lugha hii ilivyopanda kutoka pwani hadi bara kwa miguu ya misafara. Mwanafunzi mmoja, mwenyeji wa Machakos, aliinua mkono akasema kwa adabu, lakini bila kusitasita: "Mwalimu, kwetu Kiswahili hakikuja kwa kupanda. Kilikuja kwa kuamrisha." Darasa lilicheka. Mimi nilimpa jawabu la haraka kuhusu biashara na maingiliano ya watu, kisha somo likaendelea. Hata hivyo, jawabu lile halikuniridhisha mwenyewe. Kijana yule alikuwa amesema jambo la kweli, ingawa si kweli yote.

Makala haya ni jaribio la kumjibu upya. Njia niliyoichagua si ya kupekua vitabu peke yake, bali ni ya kuutembelea mtaa mmoja wa kale katika mji wake mwenyewe na kuyasoma majina yake. Mtaa huo ni ule wenye nafasi, miti mikubwa na nyumba zilizotengana, uliozunguka makao ya serikali mjini Machakos. Humu nitauita Boma, kwa neno lile lile ambalo watu wa bara hulitumia wanapokwenda kutafuta cheti, hukumu au kibali. Pamoja nao nitautazama mtaa jirani wa Mjini, ambao wageni wengi huupita bila kuuuliza jina lake lina maana gani.

Hoja yangu ni hii: Machakos ilipokea Viswahili viwili. Kimoja kilikaa verandani na kutoa amri. Kingine kilikaa barazani na kupokea wageni. Cha kwanza ndicho kinachokumbukwa, kwa sababu majumba yake yamesimama na kuta zake ni za mawe. Cha pili kimeachwa mikononi mwa wazee, nao wazee hawasimami milele.

Jina la mji

Tuanze na jina lenyewe. Mkamba anapozungumza lugha yake hasemi Machakos, husema Masaku. Masaku alikuwa mtu: kiongozi na mwaguzi wa Akamba wa Ulu, ambaye katika masimulizi anatajwa pamoja na Syokimau, yule mwanamke aliyetabiri kuja kwa nyoka mrefu atakayevuka nchi akitema moto. Wageni walipofika walikiita kituo kwa jina la mwenye nchi, kama ilivyokuwa desturi yao. Katika maandishi yao ya mwanzo tunakuta umbo Machako's, lenye alama ya umilikaji ya Kiingereza, yaani "kwa Machako". Baadaye ile alama ilidondoka, lakini s ikabaki. Mfano wa namna hii tunao pia magharibi mwa Kenya, ambako kwa Nabongo Mumia pakawa Mumias.

Kwa mwanaisimu jina hili ni hati ndogo ya historia. Tahajia ya Kikamba haina ch. Basi ch iliyo katikati ya Machakos ni alama ya sikio la mgeni, na s ya mwisho ni alama ya kalamu yake. Chini ya alama hizo mbili yumo Masaku mwenyewe, naye hakupotea. Baada ya uhuru baraza la wilaya liliitwa Masaku County Council, huku mji ukiendelea kuitwa Machakos. Kwa hiyo mji mmoja ulikuwa na majina mawili kwa wakati mmoja, moja la ndani na moja la nje. Msomaji alikumbuke jambo hili, kwa maana tutalikuta tena katika mitaa.

Kabla ya Boma

Ni desturi kuanza historia ya Kiswahili cha Machakos mwaka 1889, pale Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilipoanzisha kituo chake. Desturi hii inapotosha. Katika karne ya 19, kabla Kampuni haijapata hati yake ya 1888, Akamba walikuwa mabingwa wa biashara ya masafa marefu kati ya bara na Mombasa. Walichukua pembe za ndovu, wakarudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Baadhi yao walihamia nyuma ya Mombasa, katika nchi ya Rabai na majirani zake, wakaishi huko. Mfanyabiashara Kivoi ndiye aliyempokea mmisionari Johann Ludwig Krapf huko Kitui mwaka 1849, na ni katika safari waliyokwenda pamoja kuelekea mto Tana, mwaka 1851, ndipo Kivoi alipouawa.

Mwaka 1850 Krapf alichapisha huko Tübingen msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki. Miongoni mwa lugha hizo ni Kiswahili na Kikamba, zimepangwa ubavu kwa ubavu, safu kwa safu. Kitabu hicho ni kidogo, lakini ushahidi wake ni mkubwa. Miaka 39 kabla ya bendera ya Kampuni kupandishwa Machakos, lugha hizi mbili zilikuwa zimekwisha kukutana katika ukurasa mmoja, na hazingekutana katika ukurasa kama hazikukutana kwanza katika njia na masoko. Mtu aliyebeba pembe hadi Mombasa, akapatana bei na kurudi salama, hakufanya hayo kwa ishara za mikono tu. Kiswahili alichokichukua njiani hakikuwa cha kuamrishwa. Kilikuwa cha kupatana bei, na katika kupatana pande mbili husimama sawa.

Miaka kumi ya makao makuu

Mwaka 1892 John Ainsworth alifika Machakos kukishika kituo cha Kampuni. Mwaka 1895 serikali ya Uingereza iliitwaa nchi kutoka kwa Kampuni na kutangaza Himaya ya Afrika Mashariki, na Machakos ikawa makao makuu ya Jimbo la Ukamba, Ainsworth akiwa mkuu wake. Mwaka 1899 reli ilifika Nairobi, na mwaka huo huo makao makuu ya jimbo yakahamishiwa huko.

Hapa sina budi kusahihisha majivuno yanayosikika mara kwa mara, kwamba Machakos ilikuwa mji mkuu wa Kenya kabla ya Nairobi. Mji mkuu wa Himaya ulikuwa Mombasa, na uliendelea kuwa Mombasa hata baada ya Machakos kupoteza hadhi yake. Machakos ilikuwa makao makuu ya jimbo. Hata hivyo, jambo lililo kweli linatosha kwa fahari: Machakos ilikuwa kituo cha utawala miaka kumi kabla Nairobi haijawa chochote zaidi ya maji baridi na nyika.

Katika miaka hiyo kumi ndipo sura ya mtaa ilipopatikana. Palikuwa na ngome na ofisi. Palikuwa na askari na wapagazi, wengi wao kutoka pwani. Palikuwa na makarani na wakalimani. Wakaja na wafanyabiashara wa Kihindi na maduka yao, na rupia ikaanza kuzoeleka mikononi mwa watu waliokuwa wakihesabu mali kwa ng'ombe na mbuzi. Tazama maneno yaliyowekwa juu ya sehemu za mji ule: boma, soko, duka, laini, baraza, mjini. Asili zake ni mbalimbali. Soko na duka tuliyapata kwa Waarabu, laini kwa Waingereza. Lakini yote yalifika Machakos yakiwa yamevaa kanzu ya Kiswahili.

Neno boma linastahili kauli yake. Wako wanaosimulia kwamba ni ufupisho wa herufi za mwanzo za jina fulani la Kiingereza la idara ya utawala. Hiyo ni ngano ya watu waliosoma. Neno hili lilikuwa likitumika na misafara kwa maana ya ua wa miti au miiba muda mrefu kabla ya utawala wa Kiingereza, na Stanley analo katika kitabu chake cha 1878. Waingereza hawakulileta neno. Walilikuta, wakaingia ndani yake na kufunga lango. Tangu hapo, neno lililokuwa na maana ya ua wa kumkinga msafiri na simba likawa na maana ya mahali ambapo raia hungoja nje.

Ua na veranda

Reli haikupita Machakos. Ilikata tambarare za Kapiti na Athi, ikauacha mji kando, chini ya vilima vyake. Wengi wameliandika jambo hili kama msiba wa mji, na kwa upande wa biashara ni kweli. Lakini kwa historia ya mtaa, kuachwa huko kulikuwa pia hifadhi. Nairobi ilikua kwa kasi, ikabomoa na kujenga juu ya ilichobomoa. Machakos haikuwa na haraka hiyo. Ndiyo sababu mtembezi anayepanda leo upande wa ofisi za serikali bado hupata alama za mpango wa zamani: viwanja vipana, ua wa michongoma, mijakaranda na mikalitusi, na nyumba zilizoelekezwa ili mwenyewe aione nchi iliyo chini yake bila yeye kuonekana. Klabu ya gofu nayo ipo, ukumbusho kwamba watawala hawakuja kufanya kazi tu.

Utajiri wa mtaa huu haukutokana na mazao ya kiwanja chochote ndani yake. Ulitokana na mshahara na cheo, na nyuma ya mshahara kodi, na nyuma ya kodi mkulima na mfugaji wa Ukambani. Pembezoni mwake walikuwako walowezi, katika vilima vya Mua walikopanda matunda ya nchi za baridi, na katika tambarare za Katelembo na Kitanga. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alikaa Kitanga kwa Sir Alfred Pease alipokuja kuwinda, na majina ya sehemu hizi yakasomwa na watu ambao hawangeweza kuyatamka.

Tusiwanyime haki yao watu wa ulimwengu ule. Wengine wao walikuwa wasikivu. Hildegarde Hinde, mke wa mtumishi wa serikali ya Himaya, alichapisha msamiati wa Kikamba na Kikuyu huko Cambridge mwaka 1904. C. W. Hobley alitoa kitabu chake juu ya Akamba mwaka 1910. Msweden Gerhard Lindblom alikaa na Akamba mwaka 1911 na 1912, akaandika kazi ambayo hadi leo hakuna mtafiti wa Ukambani anayeweza kuiruka. Lakini lugha iliyotawala verandani haikuwa ya vitabu hivi. Ilikuwa ile tuliyozoea kuiita Kisetla.

Kisetla kilikuwa Kiswahili kilichokatwa mikono na miguu. Upatanisho wa ngeli uliachwa, viambishi vya nafsi vikaachwa, na kitenzi kikabaki katika umbo la kuamuru. Vitabu vilitungwa kwa ajili yake. Kile cha Le Breton cha mwaka 1936 kinawataja wasomaji wake waziwazi katika jina lake: askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara, na wake zao. Msomaji wa somo kama hilo alijifunza kumwambia mpishi alete, aondoe, aharakishe. Hakufundishwa kumwuliza mpishi habari za nyumbani kwake, na aghalabu hakuuliza. Ajabu ni kwamba wakati huo huo, tangu mkutano wa Mombasa wa 1928 na kuundwa kwa Kamati ya Lugha mwaka 1930, serikali za Afrika Mashariki zilikuwa zikigharamia usanifishaji wa Kiswahili juu ya msingi wa Kiunguja. Ofisini palisanifishwa lugha, nyumbani ikavunjwa. Na huenda mikono ikawa ile ile.

Hapa ndipo mwanafunzi wangu alipokuwa na haki. Kijana wa Kikamba aliyeshuka kutoka Iveti kutafuta kazi katika mtaa huu alikutana na Kiswahili katika umbo hilo. Alirudi nyumbani nacho, na watoto wake wakakisikia. Lugha ambayo babu yake aliitumia kupatania bei ya pembe, yeye aliijua kama sauti ya mtu anayeita kutoka verandani. Si ajabu mjukuu wake akasema kwamba ilikuja kwa kuamrisha.

Baraza la 1938

Ubaya wa uhusiano huo ulidhihirika mwaka 1938. Serikali ilikuwa imeshikilia kwamba nchi ya Ukamba inaharibika kwa sababu ya wingi wa ng'ombe, na sera ya kupunguza mifugo ikatekelezwa kwa nguvu. Ng'ombe walikamatwa na kuuzwa kwa bei ya chini, na kiwanda cha nyama kilichokuwa kimefunguliwa Athi River kikawa mnunuzi aliye tayari. Akamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu wa Ngelani na Chama cha Wanachama wa Ukamba, walikataa. Mwezi wa Julai waume kwa wake walikwenda Nairobi kwa wingi, wakapiga kambi, wakakataa kurudi hadi Gavana awasikilize. Gavana Brooke-Popham alilazimika kufika Machakos kufanya baraza mwezi wa Agosti. Mwishowe serikali iliacha kuwachukua ng'ombe kwa nguvu, lakini Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu.

Jambo la mwisho limenifikirisha mara nyingi. Mtu aliyewaongoza watu wake dhidi ya amri za Boma alipelekwa Lamu, mji wa mafundi wa tenzi na wa elimu. Lamu ile ile ambayo sisi wanafunzi wa Kiswahili huiendea kama maktaba, serikali iliitumia kama gereza. Viswahili viwili ninavyovizungumzia havikutengana Machakos peke yake; mgawanyiko wao ulikuwa wa nchi nzima.

Mjini

Sasa tushuke kutoka Boma hadi mtaa wa Mjini. Umbali wake kwa miguu ni mdogo. Kwa hadhi ulikuwa mkubwa. Mtaa huu ni wa Waislamu tangu mwanzo wake. Mizizi yake ni wale watu waliokuja na misafara na utawala, wapagazi, askari, wafanyabiashara wadogo na mafundi, wakabaki. Na ni Akamba, wanaume na wanawake, waliosilimu na kuoana nao. Mitaa ya namna hii imo katika miji mingi ya bara. Murang'a nayo ina Mjini yake, na Nairobi ina Majengo ya Pumwani. Penye ofisi ya kale ya utawala, karibu yake utakuta msikiti, chuo cha Kurani, na mahali pa kununua mahamri asubuhi.

Ukoloni haukujua umweke wapi mtu wa Mjini. Utawala uliwapanga Waafrika kwa makabila, na kila kabila kwa hifadhi yake. Aliyezaliwa Mjini na baba wa pwani na mama wa Iveti, akisema Kiswahili nyumbani na Kikamba sokoni, hakuingia vizuri katika jedwali. Wala hakuwa na nafasi Boma. Hata Waraka Mweupe wa 1923, uliotupilia mbali ubaguzi wa makazi mijini, uliwahusu Wazungu na Wahindi, haukumfikiria yeye.

Na bado Kiswahili cha mahali hapa ndicho kilichokuwa hai kwa ukamilifu wake. Humu watu walilia, waliozana, walizika, walifundisha watoto, walitaniana na kupatanishana kwa Kiswahili. Humu mgeni alikaribishwa kwa "hodi" na "karibu", mkubwa akapewa "shikamoo" yake, na mwanamke mtu mzima akaitwa "bi" au "mama" kabla ya kuambiwa neno jingine lolote. Mkamba aliyekuwa akija mjini siku ya soko aliweza kuvisikia Viswahili vyote viwili kwa siku moja: kimoja kikimwambia ngoja nje, na kingine kikimwambia karibu ndani.

Jina la Mjini lina mafunzo yake. Kwa sura ni mji pamoja na kiambishi cha mahali, wala halina fumbo. Lakini tulitazame kwa jicho la Kikamba. Katika lugha hiyo, neno mũsyĩ maana yake ni nyumbani, yaani boma la familia, mahali ambapo mtu ni wake. Mji na mũsyĩ ni neno moja la Kibantu lililopita njia mbili. Upande wa pwani, ambako watu walijenga kwa mawe na kukaa wengi pamoja, maana yake ilipanuka ikafikia makazi makubwa. Upande wa Ulu maana yake ilibaki karibu na jiko. Aliyeuita mtaa ule Mjini pengine hakulifikiri hili, lakini lugha huhifadhi hata yale ambayo wasemaji wake hawakuyakusudia.

Matembezi ya vilimani

Mgeni anayefika Machakos leo huonyeshwa zaidi vivutio kuliko mitaa. Huonyeshwa bwawa la Maruba na bustani ya burudani iliyofunguliwa karibu nalo mwaka 2014, mwaka mmoja baada ya serikali za kaunti kuanza kazi. Huonyeshwa bustani za Mulu Mutisya, zilizopewa jina la mwanasiasa aliyeongoza Umoja Mpya wa Akamba. Kisha hupelekwa Kyamwilu, katika njia ya Mutituni, kutazama maji na magari yakionekana kupanda mlima yenyewe.

Kyamwilu hutufaa sisi kwa sababu mbili. Kwanza, ni udanganyifu wa macho. Mteremko upo, ila umbo la nchi inayouzunguka huwafanya watazamaji kuuona kama mwinuko. Pili, jina lake limezaa hadithi: wanasimulia juu ya ndugu wawili, Kyalo na Mwilu, walioshiriki mke mmoja, na majina yao yakaungana. Hadithi ni nzuri, lakini sarufi ya Kikamba haimhitaji Kyalo. Kya- ni kiunganishi cha umilikaji cha ngeli ya ki-, sawa na cha katika Kiswahili. Jina linatosha kufasiriwa kama kitu au mahali pa Mwilu. Katika maji na katika jina pia, jicho limeona mlima pasipo na mlima. Ni onyo jema kwa kila anayeandika historia kwa kutazama tu.

Juu ya yote haya vinasimama vilima vya Iveti. Umbo la jina ni lile lile la iveti, wingi wa kiveti, yaani mwanamke aliyeolewa. Miteremko yake imekatwa matuta tangu chini hadi juu. Katika miaka ya 1930 maafisa wa Boma waliandika kwamba nchi hii inaelekea kuwa jangwa na kwamba wenyewe ndio wanaoiua. Mwaka 1994 Tiffen, Mortimore na Gichuki walichapisha utafiti wao wa Machakos, wakaonyesha kinyume: watu wameongezeka mara nyingi, na mmomonyoko umepungua, kwa sababu wakulima waliichimbia nchi yao matuta, wanawake wakiwa mstari wa mbele. Aliyeketi verandani aliitazama Iveti kila jioni kwa miaka mingi, wala hakuona kilichowezekana pale. Alikuwa na mandhari nzuri kuliko wote, lakini hakuwa na lugha ya kuwauliza waliokuwa ndani ya mandhari hayo.

Hitimisho

Baada ya 1963 milango ya Boma ilifunguka. Katika nyumba zile waliingia maafisa, mahakimu, waalimu wakuu na wafanyabiashara wa Kiafrika. Lilikuwa jambo la haki, nalo lilipiganiwa. Lakini ua wa michongoma haukung'olewa, na si ajabu kusikia hadi leo, nyuma ya ua kama huo katika mji wowote wa Kenya, mwajiri Mwafrika akimwita mtumishi wake kwa kitenzi kitupu, bila jina na bila tafadhali. Kisetla kimebadilisha rangi ya midomo, hakijafa. Tunapowasahihisha wanafunzi wetu wa bara upatanisho wa ngeli, tukumbuke kwamba baadhi ya makosa yale hayakuzaliwa shambani kwa babu zao. Yalifundishwa verandani, kwa vitabu vilivyopigwa chapa.

Basi jawabu langu kwa yule kijana, ambaye huenda sasa ni mwalimu mahali fulani, ni kama ifuatavyo. Ulisema kweli kuhusu Kiswahili cha Boma. Lakini kabla yake kilikuwapo cha njia ya pembe, ambacho babu zako walikichagua wenyewe. Na kando yake kilikuwapo cha Mjini, ambacho hakikuwa na bunduki wala bendera. Ukimwachia mwenye veranda lugha yote, utakuwa umempa zaidi ya alivyonyakua.

Kwetu sisi wa idara za lugha kuna kazi isiyongoja. Lahaja za pwani zimeandikwa na wengi, tangu Krapf hadi leo. Kiswahili cha mitaa kama Mjini ya Machakos, kilichoishi ubavuni mwa Kikamba kwa zaidi ya karne moja, hakijapata haki yake. Msamiati wake, maamkizi yake, nyimbo zake za arusi na majina ya vyakula vyake yamo vichwani mwa wazee wachache. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji mtu aliye tayari kupiga hodi, kukaa barazani na kusikiliza. Majengo ya Boma yana wa kuyalinda, kwa kuwa yana thamani sokoni. Maneno ya Mjini hayana wa kuyalinda ila sisi.

Machakos ina majina mawili, na mitaa miwili, na Viswahili viwili. Mtoto wa Iveti aliyekuwa akishuka siku ya soko alijua vizuri njia ya kwenda Boma, kwa sababu alilazimishwa kuijua. Njia ya pili ilikuwa fupi zaidi. Ilikwenda Mjini, na kwa lugha ya mama yake, jina hilo lilikuwa tayari linamwambia kwamba amefika nyumbani.